Shati la Loro

Kamisi hakuwa na mlango. Hakuwa na umeme, wala mabati upande wa machweo, wala chokaa ya kutosha kuziba matundu ya risasi. Hakuwa na mafundi wanaume, kwa kuwa waliorudi kutoka ukimbizini Sudani walitaka kulima kwanza. Hakuwa tena na mdogo wake, jambo ambalo hakulitaja. Alikuwa na cheti cha shule ya jioni, alichokitia kwenye fremu ya kioo, na jengo la kiwanda kilichokuwa kikishona sare za jeshi, nje kidogo ya mji wa Koboko, karibu na mpaka wa Sudani. Halmashauri ilimkabidhi mwaka 1988 aligeuze kituo cha sanaa.

Walikwangua kinyesi cha popo, wakafungua madirisha. Asubuhi ya kwanza ya kazi, Elena, fundi cherehani kutoka Mvara, alishona kitambaa cha meza cha njano. Alipokitoa chini ya sindano kilikuwa shati la askari, la kijani, lenye jina lililotariziwa juu ya mfuko. Elena alilipima kwa utepe.

"Mzee, mkono moja iko mrefu."

"Punguza," alisema Kamisi.

Mchana Rosina, mchoraji wa kituo, alichora kuku kwenye pazia. Nalo likawa shati. Kufikia Jumamosi walikuwa wamepigilia misumari ukuta mzima na kuyatundika mashati.

Majina yalikuwa ya vijana wa Koboko waliokuwa wameingia jeshini. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka, askari wapya walipita nyumba kwa nyumba na vijana waliofungwa mikono, wakiuliza kila mzazi kama huyu ni wake. Watu wengi walijibu kwamba hawamjui. Nyumba zao hazikuchomwa. Vijana walipelekwa barabarani, wasirudi.

Siku ya soko watu walikuja kutazama. Baba mmoja alisimama muda mrefu mbele ya shati la mwanawe, akasema matundu ya vifungo yameshonwa vizuri, akaenda kununua chumvi.

Shati la Loro lilitoka katika shuka ya mtoto. Loro alikuwa mdogo wake Kamisi, tumbo moja. Siku ile askari walipomleta uani, Kamisi alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi, akajibu kwa Kiswahili safi. Hawakulazimika kumuuliza mara ya pili.

Poni, mjane wa Loro, alikuja kwa miguu kutoka Midia. Shingoni alikuwa bado na kamba ya msiba. Kwa desturi ya ukoo wao, kamba hiyo haikatwi na tanga haliondolewi mpaka kaka mkubwa wa marehemu aseme mbele ya watu kwamba huyu alikuwa wetu.

"Shemeji, hii iko ya Loro."

"Akina Loro ni wengi, Poni."

"Iko wengi, ndiyo. Lakini hii bega iko chini. Mimi nilikuwa nafua hii bega."

Elena hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Mama, sisi wote tunajua. Ni mzee tu hajui kusoma."

Rosina alicheka kidogo, kisha akaacha. Kamisi alifuta chokaa kwenye vidole vyake.

"Sema tu jina," Poni alisema. "Nichinje mbuzi, nikate hii kamba. Inaniwasha."

Wiki hiyo ofisi ya utamaduni ya Arua ilikuwa imeomba mashati kwa maonyesho, na kuuliza ni ya nani. Majibu yangesomwa mbele ya watu siku ya ufunguzi.

"Nitaandika," alisema Kamisi. "Neno la kuandikwa lina uzito zaidi."

Poni alikubali. Alikwenda nyuma ya jengo kupika gundi ya unga wa muhogo, na Kamisi akakaa kuandika kwa mwandiko wake bora. Alieleza ubora wa mshono. Aliomba uzi mweupe. Alipofika kwenye swali la wenyewe, aliandika kwamba mashati yote ni mali ya kituo. Aliyasoma tena maneno hayo, akarekebisha mkato mmoja.

Poni alirudi na gundi kwenye kifuu.

"Umeandika yeye?"

"Nimeandika vizuri."

Poni alipaka gundi yeye mwenyewe, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikakauka. Kisha akaipeleka kwa dereva wa lori la tumbaku liendalo Arua, akamwomba aiweke mbele, isilowe.