Maziwa Yaliyozuiwa Kufurika

"Ulishika sufuria ya bantu! Ulishika ao haukushika?"

"Nilishika, Mama Shekinah, nimeshakwambia. Maziwa yalikuwa yanamwagika!"

"Njo kile balikuwa banatafuta! Bamwange! Weye nani alikuita?"

"Punguza sauti, watatusikia."

"Balishasikia! Kensington muzima balisikia yule mama muzee analia. Batatufukuza sisi bote, ma chère, na mimi sikushika hata kijiko."

Mwanaharusi aliegemea mlango wa chumba chake kwa ndani, komeo limeshuka, kanga imemlowa jasho mgongoni. Kitandani alikaa Léocadie, Mama Shekinah mwenyewe, msusi wa Lubumbashi, jirani yake wa chumba cha pili. Alikuja mbio na nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima kama zilizopokea habari za msiba. Vyumba vyao viwili viko Kensington, mtaa wa Joburg, uani nyuma ya nyumba kubwa iliyouzwa mwezi uliopita. Mwenye nyumba wa zamani aliwaaga kwa ujumbe wa simu tu: wenyewe wapya watakapohamia, ndio wataamua kama mnabaki au mnaondoka.

Wenyewe wapya walihamia leo Jumamosi. Na saa moja ya asubuhi Mwanaharusi alikuwa ameshawaharibia.

Msimwone mjinga. Mwanamke huyu kazaliwa Tanga, Ngamiani, nyuma ya duka la Mhindi, na mtaani alijulikana kwa neno lake moja: "Wahindi nawajua mie." Mwaka ule wa elfu mbili na kumi na saba alikuwa ameshakaa miaka sita Joburg, na neno lenyewe alikuwa bado analo. Kwa hiyo lori lilipofika alfajiri alivuta kiti dirishani, akawa anamrekodia Léocadie sauti kwenye simu, moja baada ya nyingine, huku anacheka. "Shoga, lori limejaa vitanda linangoja, wao wanaingiza chumvi! Chumvi kwanza, manjano, mchele, na picha ya mungu wao imevishwa shada kama bibi harusi." Halafu: "Mwenzangu, gari jipya wameliwekea ndimu chini ya kila tairi, sasa linazikanyaga. Paa! Mama yangu, ndimu nne nzima, na achari hawatengenezi!" Halafu: "Bibi yao kachuchumaa mlangoni anachora maua kwa unga wa mchele. Nyumba haijafagiliwa, yeye anachora."

Baadaye akapita karibu na mlango wa jikoni, eti anakwenda kuanika. Alichokiona kikamtoa pumzi. Jiko la gesi, sufuria mpya iliyofungwa uzi wa manjano shingoni, maziwa yanapanda, yanapanda, na watu wazima sita wamelizunguka jiko, mikono wameikunja kifuani, wanatazama tu. Hakuna hata mmoja mwenye kunyoosha mkono. Ngamiani, maziwa yakifurika unapigwa kofi kwanza, ndipo unaulizwa. Miguu ilikwenda kabla ya akili. Akajirusha ndani, akaidaka sufuria kwa ncha ya kanga, akaiepua motoni na kuzima gesi.

"Alhamdulillahi," akasema, "nimewahi!"

Bibi alijiziba mdomo kwa viganja viwili, kisha kilio kikamponyoka. Mkwewe, binti mwenye mimba kubwa, alijishika tumbo. Mwanaharusi aliiweka sufuria sakafuni, akatoka mbio. Nyuma yake mwanamume alikuwa anaita. Hakugeuka.

"Kuko mukliyenti yangu Muhindi," alisema Léocadie, sasa kwa kunong'ona, na mnong'ono ule ulitisha kuliko kelele. "Alinielezaka. Siku ya kuingia mu nyumba, maziwa inapashwa kufurika, ili mambo mazuri nayo ifurike. Weye ulizima. Sasa ile mimba ikiwa na shida, Mungu apishe mbali, batasema ni nani?"

Mwanaharusi aliijua lawama. Aliijua inavyopita milango ya wenyeji wote na kugonga kwa mgeni. Hillbrow, walikokaa kabla ya hapa, walitolewa asubuhi moja na watu waliokuja wengine na karatasi, wengine na nyundo. Alishuka ghorofa kumi na moja na godoro kichwani, na binti yake Nusaiba nyuma yake analia kwa Kizulu. Hapa mtoto kapata shule ya kwenda kwa miguu. Hata sasa alikuwa huko, darasa la Jumamosi, hajui kwamba mama yake kashika sufuria. Wakitolewa leo watalala wapi?

Mlango ukagongwa.

Léocadie akaruka kama aliyekalia sindano. Mwanaharusi akajibana ukutani.

"Halo? Dada? Ni Nadesan hapa, wa nyumba kubwa." Sauti ya mwanamume. "Nahitaji kuongea na wewe."

Hapo hapo Léocadie akapaza sauti: "Hayuko!"

"Yuko wapi?"

"Alienda Tanzania!"

"Nimemwona nusu saa iliyopita."

"Alienda na mbio!"

Mwanaharusi alimtolea macho ya kumwua. Nje, hatua zikasita, zikarudi zilikotoka. Yeye akavuta sanduku uvunguni, akaanza kutia nguo za mtoto, sare kwanza. Kutoka nyumba kubwa ilikuja harufu ya haradali ikipasuka kwenye mafuta, na kitunguu, na dengu. Siku nyingine angemeza mate. Leo alizidi kufungasha. Wanakula kwanza, aliwaza, wapate nguvu za kunitoa.

Saa tano mlango ukagongwa tena, safari hii polepole. Mwanaharusi akachungulia pembeni mwa pazia. Ni yule mkwe, Prashni kama alivyosikia wakimwita, peke yake, mkono mmoja kiunoni. Aligonga, akangoja, akagonga. Kisha akajishusha taratibu akakaa kizingitini, na akaguna mguno mrefu wa maumivu.

"Imeanza," Mwanaharusi alisema.

"Usifungue!" Léocadie alimdaka kanga. "Ukifungua, itakuwa mikononi mwako!"

Lakini mwanamke mwenye mimba amekaa chini kwenye saruji ya baridi, nawe unamsikia anaguna. Mwanaharusi akalipandisha komeo, akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu! Uchungu? Unauma wapi?"

Prashni alimtazama kwa macho mekundu. "Njaa," alisema.

"Nini?"

"Njaa, anti. Tangu alfajiri sijala. Hakuna aliyekula. Aya hataki." Aya ndivyo walivyomwita bibi yao. "Maziwa tuliyarudisha motoni, yakafurika, hayo yamekwisha. Lakini wewe ndiye mtu wa kwanza kuingia nyumba yetu, na umetoka bila kutia kitu kinywani. Aya anasema mgeni wa kwanza akitoka na njaa, njaa inabaki ndani. Mpaka ule wewe, sufuria hazifunuliwi. Nadesan kaja kukuita, akaambiwa umekwenda Tanzania. Eish, bibi alilia upya!"

"Mie… mie nilidhani amekuja kunifukuza."

"Alikuja na ufunguo wako wa geti. Tumebadilisha kufuli."

Mwanaharusi alitaka kucheka, lakini meno yalikuwa bado yanagongana. Nyuma yake Léocadie alikuwa amelisukuma sanduku uvunguni kwa kisigino, anatazama dari.

Na hapo bibi mwenyewe akatokea kwenye pembe ya nyumba, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, sari kaipandisha asiikanyage, uso umevimba kwa kulia. Alisimama mbali kidogo. Hata yeye, Mwanaharusi aliona, alikuwa na hofu. Mikono aliifumbata kama anayemkaribia ndege asije akaruka.

"Mama, nisamehe," Mwanaharusi alisema kwa Kizulu chake cha sokoni. "Nilidhani mmesahau jiko."

Bibi akajibu kwa Kizulu cha Durban, kizito na kizee. "Nami nilikupigia kelele mlangoni kwangu. Siku ya kwanza! Hakuna nyama, usiogope, ni dengu na maboga na wali. Inuka, mwanangu. Ingia ndani ule."