Picha Iliyokataliwa

Kaswera, binti wa mwenye duka la sabuni na mafuta pale Mweso, alikuwa akijifundisha kutengeneza tovuti. Vita viliposukuma watu hadi kambi ya Kashuga, jirani na Mweso, akatengeneza moja ya kuwekea picha za waliopotezana na jamaa zao. Ilifunguka vizuri kwenye kompyuta yake, naye baada ya misa akatangaza kwamba dunia nzima itaiona.

Wa kwanza kuleta picha alikuwa Mama Mukandori wa kambini: picha ya mumewe Kanyamibwa, aliyepotea wakikimbia. Mama huyo akampa anwani ya tovuti mdogo wake Béata, aliyekuwa Sake, aionyeshe kwenye kambi za huko. Béata hakuona kitu. Kaswera akasingizia mtandao, ingawa alishang'amua kosa: tovuti ilikaa ndani ya kompyuta yake tu, na anwani ile haikumfikisha mtu mwingine popote.

Akakodi nafasi kwenye seva, kompyuta ya mbali inayotunza tovuti za watu. Huko akakuta funguo na ruhusa za kila aina, akabonyeza kwa kubahatisha. Alipoona picha zimepanda, akatoa anwani mpya bila kuijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Kumuuliza Guylain, rafiki yake anayeifanya kazi hiyo Goma, aliona haya. Alishajigamba kwake kwamba anaiweza.

Siku ya soko Mama Mukandori akaingia dukani, akasimama karibu na mlango kama aliyeitwa kwa chefu wa kijiji kujibu kosa.

“Béata alifungua,” alisema polepole. “Kuliandikwa accès refusé, ruhusa ya kuingia hakuna. Banatukatala. Tulikosea bale bantu nini?”

Wateja wakageuka. Uso wa Kaswera ukawaka. Uongo wa mtandao ulikuwa tayari mdomoni, akaumeza.

“Hakuna muntu anakukatala, mama. Ni mimi. Sikujua hii kazi, nikasema najua.”

Mama Mukandori alimtazama, kisha akauliza tu kama picha ya bwana yake ingali salama.

Kaswera akampigia Guylain, naye akacheka kidogo kwenye simu, akamwelekeza. Tovuti ilikuwa imefungiwa watu wote isipokuwa Kaswera mwenyewe. Ruhusa moja tu ilisahauliwa. Kabla ya jioni Béata akaiona picha.

Kanyamibwa hajapatikana bado. Lakini Jumapili, nje ya kanisa, Mama Mukandori alimshika Kaswera mkono, akamshukuru mbele ya wote. Kaswera aliinamisha macho, akitamani mama yule apunguze sauti.