Pale Palipokuwa na Jiwe

Kosa lilikuwa kuutua mzigo. Anastasia alilitambua tenga lilipogusa chini, na wakati huo alikuwa amekwishachelewa.

Miaka yote aliyoshuka Uluguru na mboga kichwani, miguu yake ilisimama yenyewe hapa Bigwa, penye jiwe kubwa lililomfika kifuani. Unaegesha tenga juu yake, unanyoosha shingo, unainama kidogo, unajitwisha na kwenda zako sokoni bila kumwomba mtu. Alfajiri hii alisimama kama kawaida, mikono ikalitafuta jiwe, jiwe halikuwepo. Tenga likamvuta mpaka chini. Mbele yake kulikuwa na ukuta mpya, wa mmoja wa hawa wageni wanaolala Morogoro na kufanya kazi Dar.

Akajaribu kuinua. Tenga likafika magotini, likagoma. Kabichi moja ikachomoka, ikabingirika mpaka mtaroni, kana kwamba ndiyo iliyokuwa na haraka ya kufika mjini.

Anastasia akaketi. Aliogopa kweli. Pasaka iliyopita binti yake Kristina alimwambia, "Mama, siku utakayoshindwa kujitwisha ndiyo siku ya kuacha soko. Nakuja kukuchukua, ukakae kwangu." Naye alikubali huku akicheka, maana jiwe lilikuwepo.

Geti likafunguka. Akatoka mwanamke kijana wa hijabu, blauzi nyeupe na mkoba begani, mwendo wa mtu anayewahi treni.

"Shikamoo, mama. Mbona umekaa chini?"

"Marahaba, mwanangu. Napumzika tu."

Kijana akapiga hatua chache, akasita, akarudi.

"Unamsubiri mtu?"

"Wa kunitwisha. Hapa palikuwa na jiwe."

"Jiwe gani?"

Anastasia akaonyesha kwa mdomo. Chini ya ukuta, katikati ya mawe ya msingi, kipande kimoja kilikuwa laini, kimesuguliwa na matenga ya watu wengi. "Lile pale. Mafundi wamelipasua."

Mwanamke akalitazama. Uso ukamshuka. "Nisamehe, mama. Wallahi sikujua."

"Ungejulia wapi? Unatoka giza, unarudi giza."

Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma mwenzake zaidi. Akaweka mkoba wake chini vumbini, akachuchumaa, akashika tenga kwa ukingo.

"Hapo utalirarua," Anastasia akamwambia. "Shika chini. Nikisema haya, wote. Haya!"

Likapanda. Kwa kitambo kidogo nyuso zao zilikaribiana chini ya tenga, wote wakihema. Kisha likatulia juu ya kata, kichwani mwa Anastasia.

"Blauzi yako, mwanangu! Udongo mtupu."

"Nitaupangusa kwenye treni," akajibu, akaokota mkoba na kukimbia. Alipofika mbali akageuka na kupaza sauti, "Naitwa Yasmin!"

Tangu hapo, kila siku ya soko, Yasmin alikuwa getini. Anastasia alimwachia fungu la karoti. Yasmin alimwambia kwamba katika mtaa mzima anawajua mbwa tu, kwa sauti zao. Wenye mbwa bado hajawajua. Kristina alipopiga simu kuuliza kama mama bado anajitwisha, Anastasia alijibu, "Mizigo inapanda," akageuza mazungumzo.

Siku moja, akirudi kutoka sokoni na tenga tupu, alimkuta fundi mmoja, Abuu, kando ya ukuta.

"Mwenye nyumba kasema nijenge kibaraza huku nje, cha watu kuegeshea mizigo. Simama hapa, bibi, nikupime."

Akasimama wima, akapimwa kifua kama anayeshonewa gauni. Alifurahi. Lakini alipopanda mlima jioni ile furaha haikumkaa vizuri, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Siku ya soko iliyofuata kibaraza kilikuwa kimekauka. Akaegesha tenga. Kilimfaa kuliko hata jiwe. Akanyoosha shingo, akaitengeneza kata, akainama na kupitisha kichwa chini ya tenga. Angeliinua bila shida yoyote.

Akakitoa kichwa. Akaegemea kibaraza, akalitazama geti, akasubiri.