Firigisi ya Siku ya Thelathini na Saba

Siku ya thelathini na sita bila nyama, bila pombe ya busaa na bila hasira, Mwalimu Elkanah aliinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza, akaniambia kwamba nikitaka kuwasomea wageni shairi la makaribisho, limebaki jambo moja tu.

"Lipi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Patroba."

Elkanah hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi wa redio katika soko la Navakholo, mtu mwembamba na mpole. Miaka miwili nyuma rafiki yake wa barua alimtumia kijitabu kwa posta. Humo alisoma kwamba kuna wasafiri wanaotoka kwenye nyota, wanaokuja kwa vyombo vya mviringo vinavyong'aa kama sufuria mpya. Kwao hakuna vita wala wivu, na hawatui mahali penye uchafu wa moyo. Wengine waliosikia habari hizo walitaka kujua vyombo vile vinatumia mafuta gani. Elkanah alitaka kujua sisi tukoje. "Mgeni akiwa njiani," alituambia, "mwenye nyumba hufagia kwanza. Gari la mgeni ataliangalia baadaye."

Tulikuwa tisa, tukajiita Wapokeaji. Kwa siku arobaini hatukupaswa kusema uongo, kulewa, kula nyama, wala kubaki na adui. Siku ya arobaini, Jumapili saa kumi jioni, tungepanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya shule na kungoja. Kanisani walitucheka. Lakini hata mchungaji alikiri kwamba Zilpah, muuza mahindi, tangu ajiunge nasi alikuwa ametupa lile kopo lake la kupimia lililobonyezwa kitako, akanunua jingine.

Mmoja wetu angesimama mbele na kuwasalimu wageni kwa niaba ya dunia. Nilikuwa na hakika mtu huyo ni mimi. Kati ya Navakholo na mto Nzoia hapakuwa na mshairi mwingine. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli. Sikufundishwa na mtu. Nilihesabu mizani kwa vidole hadi vidole vikajua kuhesabu vyenyewe. Nilikuwa nimetunga beti kumi na mbili za kuwasalimu watu wa nyota, na hakuna hata ubeti mmoja uliochechemea.

"Mwalimu, Patroba ndiye aliyeanza," nikasema.

"Sikukuuliza nani alianza, Chrispinus."

Kisa chenyewe ni hiki. Ilikuwa miaka ile miwa ilipopandwa hadi kwenye kuta za nyumba za watu, na matrekta yakavuta trela kutwa kwenda kiwandani. Wakataji walikuja kutoka kila upande, Wanandi, Wateso, Wajaluo na sisi wenyewe. Kwa kuwa lugha zao za nyumbani hazikukutana, waliimba kazini kwa Kiswahili. Wimbo ulioshika katika shamba moja asubuhi ulipanda trela pamoja na wapakiaji, ukafika shamba la pili kabla ya saa nane. Patroba Were alikuwa nyapara wa kundi letu. Siku moja alinikuta nimeketi juu ya fungu la miwa nikiandika, akanifukuza mbele ya watu wote. "Nenda ukakate karatasi!" alisema, na kundi zima likaangua kicheko.

Jioni ile nilitunga mistari miwili. Kesho yake nikampa Kiplagat, mwenye sauti kubwa kuliko wote:

*Nyapara ana sauti, shambani hutetemesha,*
*Nyumbani hana mtoto, wa kumwita aje kula.*

Vina havikukutana, lakini wakataji hawajali vina. Walijali panga, na mistari ile ilikwenda na panga sawasawa. Kufikia mwisho wa mwezi iliimbwa hadi upande wa Mumias. Patroba na mkewe Risper walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja.

Alhamisi, siku ya thelathini na saba, mvua ilikuwa imeharibu barabara na matrekta hayakutoka. Nikajua Patroba yuko nyumbani. Nilifika saa sita mchana. Alikuwa chini ya upenu akinoa panga, na aliendelea kunoa.

"Hodi, kaka."

"Umekwisha fika. Hodi ya nini?"

Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani. Yote yalinitoka kichwani.

"Nimekuja kukuomba msamaha kwa ule wimbo."

Aliupima ukali wa panga kwa kidole gumba. "Miezi minne, leo ndiyo unakumbuka. Umekuja kwa sababu yangu, au kwa sababu ya hao watu wenu wa angani?"

Hapo nilitamani kusema uongo kuliko siku zote thelathini na sita zilizopita. "Kwa sababu yao," nikasema. "Nisipopatana na wewe, sitasimama mbele."

Panga lilitulia. Patroba akanitazama, halafu akacheka kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika.

"Risper! Njoo usikie! Huyu mwana wa mama Navalayo ametumwa na nyota!"

Risper alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Nilimfahamu zamani, alipokuwa akileta chakula shambani na kutaniana na wakataji hadi nyapara mwenyewe anamwambia aondoke, kazi imesimama. Sasa alisimama mlangoni kama mtu aliyesimama mlangoni kwa wengine.

"Shemeji," nikamwambia, "nimekosa."

"Ulikosa kwa nani?"

"Kwa kaka Patroba."

"Huyo ana ngozi ngumu. Wakiimba, yeye anawaongezeanga kazi, basi yameisha. Mimi naenda kisimani, nakuta wasichana wanafua huku wanaimba. Wakiniona wananyamaza. Unajua kunyamaza kwa namna hiyo? Nimeacha kwaya. Shambani sikanyagi. Ulikosa kwa nani, mshairi?"

Sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Katika mistari yangu hakuwamo. Nilimtafuta humo pale pale niliposimama, na kweli hakuwamo. Nilikuwa nimempiga mtu bila hata kumwona. Magoti yalipiga chini kabla sijaamua.

"Kwako, shemeji. Kwako kwanza."

"Inuka, utachafua suruali," akasema, akarudi jikoni. Muda si muda nikasikia kuku akilia, kisha hakulia tena.

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho. Kwetu aliyekosana nawe akija nyumbani, na kuku akachinjwa, basi neno limekwisha, mkishakula. Si kabla ya kula. Anayeondoka bila kugusa chakula ameondoka na kinyongo chake mfukoni, na hata watoto wa jirani wanajua hivyo.

Obusuma, ndio ugali wetu, uliletwa ukitoa mvuke, na bakuli la mchuzi. Tulinawa mikono. Patroba akaomba kwa ufupi. Kisha akatafuta ndani ya bakuli, akatoa firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba na haigawiwi ovyo, akaiweka juu ya obusuma wangu.

"Kula, bwana mdogo."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Niliiona Jumapili yote pale mbele yangu, lile jiwe, watu wakiwa kimya, na mimi nimesimama na karatasi yangu mbele ya viumbe ambao hakuna mshairi wa Pwani wala wa Bara aliyewahi kuwasomea. Nikasema, "Kaka, sisi tumeacha nyama. Nyama hutia mwili uzito. Nipe mchuzi kidogo tu, nitachovya..."

"Hata mchuzi ni kuku," akasema Patroba.

Risper alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, hatazami bakuli, anatazama mkono wangu. Nikaelewa kwamba nikiurudisha mkono ule, ataamini mistari yangu, kwamba kwake hakuna wa kuitwa aje kula, maisha yake yote.

Nikaila. Ilikuwa ngumu kidogo, kama firigisi zote, yenye chumvi ya kutosha, na baada ya siku thelathini na sita bila nyama karibu nilie kwa utamu. Nikaomba na paja.

"Eh!" Risper akasema. "Mwili usije ukawa mzito, ukashindwa kupaa."

Nilikuwa sijamsikia akitania kwa miezi minne.

Jioni nilikwenda kwa Elkanah, nikamwambia kila kitu, hadi paja. Aliweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Ungeweza kunyamaza," akasema. "Nisingejua."

"Ndiyo."

"Zilpah atasoma. Sheria ni sheria, Chrispinus. Wewe utasimama nyuma." Kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. "Ilikuwa na chumvi?"

"Ya kutosha, Mwalimu."

"Mh," akasema, akameza mate.

Nilikasirika njia nzima kurudi nyumbani, siwezi kuficha. Beti kumi na mbili, zisomwe na muuza mahindi asiyejua pa kupumua! Lakini Ijumaa asubuhi niliamka na kukuta hasira imepoa yenyewe, na bado kulikuwa na kazi. Nilichukua panga nikaenda shambani. Patroba alinionyesha mistari yangu ya miwa ya kukata. Wakataji walipoanza kuimba ule wimbo, nikaweka panga chini.

"Acheni huo wimbo," nikawaambia. "Niliyeutunga ni mimi, na ni wa kijinga."

"Ni wimbo mzuri," akasema Kiplagat.

"Najua ni mzuri! Ni wa kijinga hata hivyo."

"Sasa tuimbe nini? Mikono haiendi bila wimbo."

Beti za watu wa nyota zilikuwa ndefu mno kwa panga. Basi nikawasimulia habari ya siku thelathini na saba na firigisi. Kabla sijafika kwenye paja, Kiplagat alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

"Niimbeni mimi," nikasema.

Jumapili tulipanda jiweni. Nilisimama nyuma pamoja na Osundwa, mwenzetu aliyekuwa amebaki na adui wawili na hakutaka kupunguza. Zilpah alisoma. Alipumua mahali pasipofaa mara nne, nilihesabu, lakini sauti yake ilitetemeka kwa namna ambayo yangu isingeweza, na watu wawili walilia. Tulingoja hadi jua likaribie kuzama. Kama saa kumi na moja kitu kiling'aa mbali upande wa Mumias, kikakaa muda wa pumzi mbili, kikapotea.

"Ndege," akasema Osundwa.

"Huenda," akasema Elkanah. Alikuwa akitabasamu. "Huenda pia wametuona, wakaona bado tunafagia." Tukashuka tukizungumza, bila hata mmoja aliyekuwa na huzuni, na Zilpah akanirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili.

Jumatatu matrekta yalitoka. Nilikuwa katikati ya mstari wangu wa pili wa miwa niliposikia kundi la upande wa barabara limeanza, na sauti ya Kiplagat juu ya zote:

*Mshairi wa mbinguni, angojea wageni,*
*Firigisi ikamwita, akashuka duniani!*

Damu ilinipanda kichwani kama zamani. Nikageuka. Patroba alikuwa ameegemea trela, akicheka bila kutoa sauti. Kando yake alisimama Risper, kikapu cha chakula kichwani, anacheka na kutoa sauti kwa niaba ya wote wawili.

Nikawaendea wale waimbaji na panga mkononi, hatua kubwa kubwa, wakanyamaza.

"Nani ametunga huu upuzi?"

Kiplagat alirudi nyuma kidogo. "Sisi sote."

"Mstari wa kwanza umepungua. Angojea wageni, hesabu. Ni mizani saba. Mnataka watu wa Mumias wanicheke kwa mstari wa mizani saba? Semeni, akingojea wageni."

Walijaribu. Mapanga yakashuka pamoja.

"Sasa ndiyo wimbo," nikasema.

"Basi anza wewe," Risper akaita kutoka kwenye trela. "Una sauti mbaya, lakini anza."

Nikaanza.