Mkia wa Kubandika

Ulimbo unashika ndege, lakini na manyoya unayang'oa. Hapo ndipo Bwanausi wa Makurunge alipojiponza.

Alikuwa akimtegea ndege Mzungu mmoja aliyepanga Bagamoyo, mtu wa kuchuna ngozi zao na kuzijaza pamba. Siku moja alimnasa ndege mdogo mwekundu, mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Kumbandua, mkia ukabaki kwenye ulimbo. Bwanausi akaona haya kupeleka kitu kibovu, akaurudishia kwa utomvu. Jamani, nani alimtuma?

Mzungu aliushika mkia, ukamtoka mkononi. Akafungua sanduku la ndege alioletewa na Bwanausi siku za nyuma, akawapanga wenye mikia mirefu kando ya wenye mifupi. Wekundu wao mmoja.

"Kumbe! Mirefu yote umeibandika wewe!"

"Huo mmoja tu, Bwana. Mrefu ni mume, mfupi ni mke."

"Mwongo! Kesho kwa liwali."

Bwanausi akarudi nyumbani. Kwa liwali kulikuwa na minyororo, na nani angemsadiki mtega ndege mbele ya Mzungu?

Mkewe Ashatu alipoambiwa, alicheka kwanza. "Baba Mina, umekuwa fundi wa mikia?" Kisha akajifunga leso kiunoni. "Kabla ya huko kwa liwali, mlete kisimani ninapoteka maji. Mwambie anaitwa na mimi."

Asubuhi Mzungu akaja na bunduki yake, wakajibanza watatu nyuma ya migomba. Juu ya kisima palikuwa na kiota kadiri ya kikombe cha kahawa, na ndani yake ndege mwenye mkia mfupi akiatamia mayai. Akaruka. Papo hapo akaja mwenye mkia mrefu, akaatamia mayai yale yale, mkia ukining'inia nje.

Mzungu akavua kofia. "Bwanausi, nimekukosea."

"Alhamdulillahi," Bwanausi akasema, na machozi yakamlengalenga wala asione aibu.

Mzungu akainua bunduki. "Sasa nawataka wote wawili."

Bwanausi akasimama mbele ya mtutu. "Hawa la, Bwana. Hawa wamenitolea ushahidi."

"Basi kwangu huna kazi tena."

"Hewala, Bwana."

Mzungu akaenda zake kwa hasira. Bwanausi akamtazama Ashatu, asijue aanzie wapi kumshukuru. Akauinua mtungi wa maji wa mkewe, akajitwika mwenyewe kichwani, mwanamume mzima, akaupeleka mpaka nyumbani huku Makurunge nzima ikimcheka.