Dada Alipohamia Kiti cha Kwanza

Tulikuwa wanne: kaka na dada waliopiga fidla, fundi saa mwenye chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayosimamishwa sakafuni, na mimi muuguzi, mpiga vyola, fidla iliyo nene kidogo kwa sauti. Mwaka ule tulijitwika vipande vyote kumi na vinne ambavyo mtunzi mmoja wa kale aliviandikia kundi kama letu. Tungevipiga kwa Jumapili tano, alasiri, katika ukumbi wa maktaba.

Kaka ndiye aliyeongoza, kwenye kiti cha kwanza. Dada alikuwa amekaa miaka ishirini kwenye kiti cha pili, akimsindikiza.

Baada ya Jumapili ya tatu, kaka alikuja mazoezini na bendeji. Mlango wa gari ulikuwa umembana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nilikifungua nikakitazama. "Hakijavunjika," nikamwambia, "ila usikitumie wiki mbili."

"Basi tuahirishe. Gumba linashika fidla tu; sauti za juu siziwezi kwa vidole vitatu vilivyobaki."

"Zangu unaziweza," dada akasema. "Nipishe, kaka."

"Utajifunza zangu lini?"

"Nazijua. Miaka yote niko ubavuni pako, ulidhani nasikiliza nini?"

Fundi saa aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Kaka alinuna, lakini akahama.

Alitutoa jasho. Alizoea kupaa, sasa alitakiwa kurudia sauti tatu zilezile, chini chini, ukurasa mzima, bila kuyumba. Aliyumba. Mara ya tano akashusha fidla.

"Kumbe ni kazi hivi? Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema saa ngapi, na wewe hunyamazi?"

Jumapili ya nne dada aliongoza. Alivuta pumzi ya kutuanzisha, ndefu kuliko ya kaka, nasi tukaifuata. Katikati ya sehemu ya polepole, upinde wake ulitetemeka, akapotea. Kaka hakumtazama, alikaza tu zile sauti zake tatu, wazi kidogo zaidi, mpaka dada akashika njia. Ukumbini hakuna aliyejua.

Jumapili ya mwisho kidole kilikuwa kimepona. Dada akainuka amrudishie kiti.

"Kaa," kaka akasema. "Vya leo sijawahi kuvisikia nikiwa huku."

Tulimaliza cha kumi na nne watu wakiwa wamesimama. Nyuma ya jukwaa nilitegemea vicheko na kukumbatiana. Badala yake kaka alifungua karatasi za kipande cha kumi na moja, akavuta kiti karibu na dada.

"Hapa juu," akauliza, "ulitumia kidole gani?"

Dada akachukua fidla yake kumwonyesha. Mlinzi wa ukumbi, funguo mkononi, akaketi kuwasubiri.