Mfunga Kamba wa Bishoftu

Kassaye alikuwa amepiga goti kwenye vumbi la kituo cha mikokoteni, anamvalisha farasi wa Tolosa hatamu mpya, na Tolosa, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa akimwambia aharakishe kabla meli haijang'oa nanga.

Utani huo ulikuwa wa miaka. Kassaye alikuwa baharia katika bandari ya Assab enzi nchi ina bahari. Mpaka ulipochorwa bahari ikabaki upande wa pili, na baadaye naye akaishia huku Bishoftu, nyanda za juu, kusokota kamba za farasi. Kazi ni ileile, alizoea kusema, ila meli hairushi mateke.

Leo alikuwa na jibu. Alitoa barua mfukoni: jeshi la majini linafufuliwa, wanatafuta mtu wa kufundisha vijana mafundo. Kituo kizima kikasogea kuitazama. Tangu nchi jirani zianze kutunishiana misuli kuhusu bandari, kila mwenye mkokoteni alikuwa mtaalamu wa usalama wa taifa: mafuta na ngano vinapita mlango mmoja wa Djibouti, ukifungwa tutakula nyasi pamoja na farasi. Tolosa akamkung'uta vumbi mabegani kwa mkono wake mwenyewe.

Kassaye aliitaka kazi ile kuliko alivyoonyesha. Si kwa mshahara. Kwenye darasa la vijana ishirini hakosekani mmoja wa kukubali kikombe cha kahawa. Miaka ishirini na saba alikuwa akichemsha kahawa na kuinywa peke yake, raundi zote tatu ambazo kwa desturi hunywewa na wageni, na majirani walimtazama kama mtu anayecheza ngoma ya harusi bila harusi.

Kambini kwa wanamaji, kando ya ziwa, Luteni Meklit alimpa kamba. Akafunga fundo la kuokolea mtu huku mikono ikiwa mgongoni na macho darini. Luteni akacheka kwa furaha, akamsogezea fomu ya usalama. Aliijaza vizuri mpaka mahali panapouliza jamaa walio ng'ambo ya mpaka.

Kalamu ikasimama.

Alimweleza. Mwaka wa vita vya mpaka alifukuzwa Assab na begi moja. Mkewe, mzaliwa wa kule, akabaki na binti yao wa miaka saba. Simu zilipofunguliwa alizungumza na binti miezi kadhaa, binti akimfundisha majina ya wajukuu. Halafu laini zikafa tena.

"Baba," Luteni alisema kwa sauti ya chini, "hapo wengi huandika hakuna."

"Binti yangu yupo, mwanangu."

"Una hakika gani? Hujamsikia siku nyingi. Ukiandika hakuna, nani atakuita mwongo? Ukiandika yupo, wakubwa watauliza mwalimu wetu moyo wake uko upande gani."

Kwetu mtoto hubeba jina la baba yake. Kassaye aliandika polepole, akianza na binti, Rigbe Kassaye, akalitazama jina lake mwenyewe limekaa upande wa adui kwa wino wa bluu.

Luteni akaichomoa fomu, akaiweka pembeni, mbali na rundo la nyingine. Alisema watampigia. Hakumwangalia aliposema.

Nje, Kassaye alisimama kwenye uzio. Gatini palikuwa na mashua imefungwa ovyoovyo, fundo linaachia kidogo kidogo kwa kila wimbi.

"Baba, hapa hapasimamwi," askari wa lango alisema.

"Mashua yenu inaondoka."

"Si kazi yako, baba. Tembea."

Akatembea. Kamba iliteleza majini bila sauti, na mashua ikageuza pua taratibu kuelekea katikati ya ziwa, haina mtu.